Namfundisha baba kupiga picha za mandhari huku Pemba, naombeni mawazo

BintiWete

Assalam alaykum ndugu zangu. Mie kazi yangu ni kupiga picha za harusi na shughuli huko Unguja, sasa hivi nipo nyumbani Wete kwa likizo na nna jambo nalitaka lifanikiwe sana ndo mana nimekuja kwenu.

Baba alikuwa mwalimu wa skuli, kastaafu, na tokea astaafu ni msikitini, shamba na barazani basi. Mwaka huu kaniambia mwenyewe, sikumshawishi, kwamba anataka kujifunza kupiga picha za nchi, ndo anavosema yeye, mabonde na mikarafuu na bahari, anasema vijana wanajipiga nyuso zao tu na hii ardhi hakuna anaeiweka. Wallahi nilifurahi sijui nieleze vipi. Nimempa Canon yangu ya zamani ilokuwa kabatini, ina ile lenzi ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera, na simu anayo na si mbaya.

Tumeshaanza kutoka. Sasa nayoyaona ni haya, kila kitu anakivuta karibu, anazungusha lenzi mpaka mwisho halafu anapiga mnazi mmoja katikati ya picha, bonde zima halionekani. Bahari yake inainama upande. Nikimueleza ISO na apacha na shata, yaani vile vya kupanga mwanga wa kamera, anaitikia kwa adabu lakini macho yashakwenda kwengine. Na kubwa kuliko yote, yule ni baba yangu tena mwalimu, ndo alonishika mkono nikajua kuandika, siwezi kumwambia "sivyo hivyo baba" njiani watu wanapita, wala siwezi kumchukulia kamera mkononi kumuonesha kama nnavofanya kwa vijana wangu wa kazini.

Kwa hivyo naomba mnisaidie nianze na kipi niache kipi, na sehemu gani zinafaa kwa mtu ambae magoti yanamsumbua, mawe na matope mengi hayawezi. Na mlowafundisha wazee wenu mlikuwa mnawarekebisha vipi bila ya kuwavunjia heshima.

karafuu_mbichi

Waalaykum salaam dada, hongera sana, na mzee pia hongera.

ISO na shata weka kando kabisa kwa sasa. Hiyo Canon juu ina kile cha kuzungusha, kiweke kwenye Av, hapo apacha, yaani tundu la kupitisha mwanga, unaichagua wewe na shata kamera inajipangia, weka f/8, ISO otomatiki, basi isiguswe tena. f/8 kwa mandhari ya mchana inatosha, lenzi ikiwa 18, yaani pana kabisa, mbele na mbali vyote vinakamata. Watu wengine wanakimbilia f/22 wakidhani ndo itakamata zaidi, kumbe mwanga ukipita kwenye tundu dogo vile unatawanyika na picha nzima inalainika. Kamera ikishatulia hapo kazi ya mzee inabaki mbili tu, asimame wapi na abonyeze wakati gani, na hizo ndo kazi zenyewe za mandhari hayo mengine ni vyombo.

Kuhusu kuvuta, chukua kipande cha plasta ile ya dukani ufunge pete ya lenzi kwenye 18, isizunguke. Atalalamika kwamba kila kitu kimekuwa kidogo na kiko mbali, na ni kweli lenzi pana inavisukuma vitu nyuma, kilima kirefu kinakuwa kichuguu. Hapo ndo unamwambia basi baba tutafute cha kuweka mbele, karibu, hata hatua mbili kutoka kwenye lenzi, ngarawa, mzizi wa mkoko, jamvi la karafuu, chochote, kilima kikae nyuma yake. Akishaona picha yenye kitu mbele na ile isiyo nacho hutohitaji kumueleza tena.

Na kuinama kwa bahari washa gridi kwenye skrini, bahari ikae juu ya mstari, isiwe katikati, ama theluthi ya juu kama chini kuna cha kuonesha ama theluthi ya chini kama mawingu ndo yana mambo.

KusiKaskazi

Karafuu kasema kweli ila mie naona mnaanza na kamera na mandhari haianzi na kamera, inaanza na saa. Mpeleke mzee pahala pamoja asubuhi na adhuhuri na alasiri bila ya kumfundisha kitu, picha zitamfundisha zenyewe.

Huku kwetu jua halina muda. Likichomoza linapanda wima, si kama Ulaya linatambaa pembeni, ule mwanga laini wa manjano unaochora mabonde unaupata kidogo tu, saa moja u nusu asubuhi jua lishakuwa kali na vivuli vinafupika mbio. Jioni hivyo hivyo, likishazama ni kama dakika ishirini hivi na giza lishaingia. Sasa jioni ina tatizo lake kwa mzee wa msikitini, jua linapokuchwa ndo adhana ya magharibi, rangi zote nzuri zinatoka na yeye yuko safuni, na usimuweke kwenye mtihani wa kuchagua. Mie ningemfanyia hivi, akitoka sala ya alfajiri tu ndo safari, mwanga wote huo ni wenu na barabara hazina mtu. Au baada ya alasiri, mida ya saa kumi na kitu mpaka saa kumi na mbili kasoro halafu mnarudi taratibu anawahi jamaa. Na jua huku linacheza na mwaka, Februari linazama karibu na saa kumi na mbili na robo tatu, Novemba kwenye na robo lishaondoka, kwahiyo angalia kabla hujapanga gari.

La pili maji. Yakhe hili watu wa kamera hawalijui na wazee wetu wanalijua usingizini. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanajaa mida ya saa kumi, alfajiri na alasiri, na yanakauka mida ya saa nne, na tofauti ya kujaa na kukauka inafika mita nne hivi, yaani pwani ile ile unaenda asubuhi bahari, unaenda saa nne ni mchanga na mashua zimelala ubavu. Kila siku inasogea mbele kama dakika hamsini. Maji mafu, yaani yale madogo ya mwezi nusu, mambo yanageuka, yanakauka alfajiri na alasiri lakini hayatoki mbali. Kwa hivyo kama unataka mchanga mkavu na jua la asubuhi pamoja, ngoja maji mafu yawe yanamalizika, ukitaka kioo cha maji yaliyojaa na mwanga wa alasiri nenda bamvua.

Sasa nakuuliza dada, hiyo hesabu ya mwezi nani anaijua zaidi, wewe au baba yako? Mwachie yeye. Yeye ndo aseme siku fulani twende, maji yatakuwa hivi. Wewe chukua kamera ufuate. Mtu akiongoza safari yeye mwenyewe hata ukimwambia baba inua kidogo upande wa kulia hahisi kama anafundishwa.

PichaDarajani

Nasoma hapa na naona mmemsahau kitu kimoja, kwanini kamera? Simu anayo, anaijua, inakaa mfukoni, anatoka nayo kila siku bila ya kupanga. Mandhari mchana simu ya kawaida inakamata vizuri tu, kihisio chake, kile kinachopokea picha ndani, ni kidogo kwa hivyo mbele na nyuma vyote vinakuwa wazi bila ya mtu kujua apacha ni nini. Muoneshe vitu vitatu. Aguse pale penye mawingu mang'avu halafu ateremshe kidole mwanga upungue mpaka rangi ya anga irudi. Abonyeze kidole akishikilie ili fokasi na mwanga vifunge visirukeruke. Na asivute kwa vidole viwili, mana simu ikivuta kwa vidole mara nyingi inakata tu picha na kuikuza. Na afute lenzi kabla ya kila picha, simu za watu wa pwani zina mafuta na chumvi, nusu ya hizo picha mnazosema zina ukungu hazina ukungu wowote ni kidole.

Mie nilianza na mkanda wa filamu, enzi zile mkanda una picha 36 na kusafisha ni pesa, ukitoka unafikiri kabla hujabonyeza. Hilo nimelibeba mpaka leo kwa kila nnaemfundisha. Mwambie baba leo tuna picha kumi na mbili tu, zikesha tunakunja tunarudi. Mwalimu wa skuli atalipenda hili mana lina nidhamu ndani yake. Na mkirudi achague moja, moja tu, aeleze kwanini.

Na siku akija mjini mpeleke Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, ipo tokea 1930, picha zao za Unguja ya zamani nyeusi na nyeupe. Baba yako anasema hii ardhi hakuna anaeiweka, basi akaone walioiweka kabla yake. Bila ya rangi utaona macho yanafuata nini, kivuli, mstari wa nyumba, tanga la jahazi.

karafuu_mbichi

Simu sawa kwa mazoezi ya macho lakini mzee kaambiwa kamera akaipenda, kamera ina uzito mkononi, mtu akiishika anasimama sawasawa. Na wazee skrini ya simu juani hawaioni kabisa, wanapiga kwa kubahatisha. Kamera ina kitundu cha kuchungulia.

PichaDarajani

Hilo la juani nimelikubali. Basi kamera kwa safari, simu kwa kila siku.

Mama_Tumbe

Mwanangu BintiWete, mie ni mwanafunzi kama baba yako, mwanangu wa kiume ndo alonifundisha na sasa napiga mwenyewe, kwa hivyo nakueleza kutokea upande ule mwengine.

Kwanza macho. Mtu wa umri wetu anavaa miwani, akichungulia kwenye kamera bila miwani anaona ukungu, akichungulia na miwani haoni pembe zote. Anaona haya kusema. Pembeni ya kile kitundu cha kuchungulia kuna kigurudumu kidogo sana, mie sikukijua mpaka mwanangu aliponiwekea kidole juu yake, ukikizungusha kinafuata macho yako. Muwekee baba akiwa na miwani yake ametoa, azungushe mpaka yale maandishi ya ndani yawe makali. Hata huko kuvuta vuta kila kitu karibu kunaweza kuwa ni hilo, mtu anavuta kwa sababu haoni. Na kama anavaa miwani ya jua ile inayokata mng'aro avue akitumia simu, mana ukiigeuza simu ubavu skrini inaweza kuwa nyeusi tititi.

Sasa kuhusu heshima. Mwanangu hakuwahi kuniambia hii mbaya. Aliniuliza, mama hapa ulitaka mtu aone nini mwanzo? Namwambia ule mwezi juu ya mikoko. Ananiambia haya tuutafute kwenye picha, namtafutia, nauona mdogo kipembeni na katikati pamejaa nyasi. Nimeona mwenyewe. Kesho yake nikasimama kwengine. Hilo moja ukilishika huhitaji jengine, muulize alitaka nini halafu mtafute pamoja, na uliza mukiwa barazani jioni mnaangalia, pale kwenye kupiga muache. Kimya chako pale ndo adabu. Na asiambiwe afute picha, hata ile iloharibika, mie nazirudia zangu za mwanzo na najua nilisimama wapi na upepo ulikuwa wa wapi.

Na kitu chengine, mama zako wa mwani. Watu wa kamera wakiona pwani imekauka na akina mama wameinama kwenye kamba zao na vijiti wanapiga tu, kwao ni mandhari. Sisi si mandhari. Mwani unalimwa huku tokea mwisho wa miaka ya themanini na watu washatuchosha kwa kamera. Baba yako atasalimia kwanza, nna hakika, lakini na wewe ujue, salamu, uulize, ukikubaliwa sawa, ukikataliwa shusha kamera uelekeze kwengine pwani ni kubwa. Na picha ukiahidi kuleta uilete.

Kijana_Konde

Mimi natembeza wageni huku kaskazini, nitakutajia sehemu kwa magoti ya mzee.

Njia ya Wete mpaka Konde yenyewe tu inatosha kwa siku nyingi, inapanda inashuka kwenye vilima, na sasa hivi ni msimu karafuu zimeanikwa pembeni ya barabara na mbele ya nyumba za watu. Unashuka garini, hatua tano upo kazini. Ila omba ruhusa kwa mwenyewe na usikanyage jamvi wala usitupe kivuli juu ya karafuu za watu kwa muda mrefu, wanataka jua.

Ukivuka Konde unaingia Ngezi, msitu, kuna kulipia kidogo unapewa na mtu wa kukuongoza. Humo ndani giza na mwanga vinapigana, mchana wa jua kali picha zinatoka madoa madoa meupe, nenda siku ya mawingu au mvua imetoka kunyesha ndo majani yanapata rangi yake. Ukiwa na filta ya polaraiza ifunge, inaondoa ule mng'aro wa maji juu ya majani.

Mbele zaidi ndo Vumawimbi upande wa mashariki, mchanga mpana mweupe, gari linafika karibu, anga yote ya asubuhi ni yako. Upande wa pili wa rasi ile ni Verani, hiyo ya jioni. Na mwisho kabisa mnara wa taa wa Kigomasha, wa chuma, kuupiga kwa chini sawa lakini kupanda magoti hayataki.

Hapo hapo niseme kitu kwa KusiKaskazi, adhuhuri si mbaya kila pahala. Bahari ukitaka ile rangi yake ya kijani na buluu unataka jua liwe juu, ndo linaingia ndani ya maji mpaka kwenye mchanga. Asubuhi maji yale yale ni kijivu. Kwa hiyo milima na miti asubuhi, maji ya mwambani saa tano saa sita. Wageni wote wanaouliza mbona picha zangu bahari haina rangi wamekwenda saa kumi na mbili.

Bandarini Wete usitoe kamera bila ya kuuliza, na kambi yoyote pita tu. Drone ndo usiifikirie bila vibali.

KusiKaskazi

Kwa maji umenishinda, ni kweli.

mgeni_wa_Jambiani

Nafuatilia uzi huu kwa karibu, mie namfundisha mke wangu huku kusini na hilo la kuuliza "ulitaka mtu aone nini" nimeshalichukua. Mashaallah.

BintiWete

Jamani ahsanteni, nimesoma yote na baba nimemsomea baadhi yake, ya Mama Tumbe alicheka akasema huyo mama anajua kusomesha.

Naleta habari. Kigurudumu kile ndo nilianza nacho, na Mama Tumbe Mungu akuweke, baba alichungulia akakaa kimya halafu akasema "kumbe kuna namba humu ndani." Kamera alikuwa nayo siku zote hizo na hajawahi kuziona zile namba. Tokea hapo kuvuta kumepungua wenyewe, plasta tumefunga lakini sidhani kama ilihitajika.

Siku ya kwenda kachagua yeye. Kahesabu mwezi kwenye kalenda ya ukutani akasema pwani tuiache kwanza tuanze bara. Tukatoka baada ya alfajiri, njia ya Konde, na alisimamisha gari pahala ambapo mie ningepapita, nyumba moja chini ya mteremko, majamvi mawili yametandikwa uwanjani na nyuma yake bonde lina umande bado halijapata jua. Kasalimia, wakajuana, mtoto wa mwenye nyumba alikuwa mwanafunzi wake. Tukakaribishwa chai na kamera ikakaa chini mpaka chai imekwisha.

Halafu akaniambia ngoja. Nikamuuliza twangoja nini, jua lishatoka. Akasema karafuu zile za jamvi la kushoto ni za leo, bado zina kijani na wekundu, za kulia zina siku mbili tatu zishakuwa kahawia, na mwenyewe atakuja kuzigeuza sasa hivi, akizigeuza zile za chini zitakuja juu na rangi zitachanganyika. Tukangoja. Mama akaja, akapita pembezoni mwa jamvi anazisambaza kwa mkono, na jua likawa limeshafika uwanjani linapiga kwa ubavu, kila punje ina kivuli chake. Baba akainama, akashindwa na magoti, akageuza kigoda cha chai akakikalia na kamera ikawa chini sawa na jamvi. Kapiga kama kumi hivi, hakufika hata kumi na mbili zake. Mie sikusema neno, nilikuwa nimesimama nyuma nimeshika mkoba.

Jioni barazani nikamuuliza, baba hapa ulitaka mtu aone nini mwanzo. Akasema rangi mbili, mbichi na kavu, halafu bonde ndo zinakotoka. Tukaitafuta. Ile aloichagua jamvi la kushoto limeanzia pembe ya chini kabisa linakwenda mpaka kwenye miguu ya mama yule, uso hauonekani alikuwa kainama, na nyuma vilima vitatu kila kimoja kimepauka kuliko cha mbele yake. Nimepiga harusi miaka na miaka na sina picha ya nyumbani ilokaa vile.

Na upeo wa macho alivyoutatua mwenyewe nimeshangaa. Gridi nilimuwashia akasema mistari inamchanganya. Akachukua rula yake ya plastiki ya darasani akaiweka juu ya skrini baada ya kupiga, akaona kilima kimeinama, akapiga tena. Sasa rula inakaa kwenye mkoba wa kamera.

Nina masuali mawili. Anataka kwenda Vumawimbi inshallah na kusi, huu upepo wa kusini, inavuma, mchanga na chumvi vinanitisha, kamera nimlinde vipi? Na anataka picha ya karafuu aitoe aipeleke kwa mwenye nyumba yule, nitoe saizi gani?

PichaDarajani

Mashaallah, mashaallah. Iweke hapa tuione kama mama yule karidhia.

Kutoa, kwa kumpelekea mtu 20 kwa 30 za sentimita inatosha na inaenea fremu za dukani, na ya baba mwenyewe toa ndogo ndogo 10 kwa 15 zile anazochagua, azitandaze mezani. Mtu akiziona kumi pamoja kwenye karatasi anajua tabia yake, kwamba siku zote nasimama mbali, siku zote naacha mawingu mengi, hilo kwenye skrini halionekani. Kabla ya kutoa ongeza mwanga kidogo kwenye faili, karatasi haiwaki kama simu, mara nyingi picha inatoka giza kuliko ulivyoiona.

karafuu_mbichi

Kwa kusi, lenzi msibadilishe pwani, na kwa kuwa mnayo moja hamna shida hiyo. Mfuko wa plastiki mzito toboa tundu la lenzi ufunge na raba bendi, nyuma acha wazi aingize mkono. Kamera isiwekwe mchangani hata kidogo, na kama mtaweka stendi zamisha miguu yake mpaka ifike pagumu, usiiweke pale wimbi linapofika, maji yakirudi yanachukua mchanga chini ya miguu na stendi inaanguka taratibu bila kujua. Upepo ukizidi ning'iniza mkoba chini ya stendi, na kubonyeza tumieni ile taimu ya sekunde mbili mkono usitikise.

Matone ya bahari yakiingia kwenye kioo msifute kavu kavu, chumvi na mchanga vinakwaruza. Kitambaa cha pamba kisafi kilowanishe kidogo maji matamu, gusa gusa kwanza chumvi iyayuke halafu ndo ufute na kavu. Mkifika nyumbani mwili wote wa kamera upanguse na kitambaa chenye unyevu, na mkoba kung'uta nje. Na kama mtakwenda na gari lenye kiyoyozi, kamera iache ndani ya mkoba umefungwa mkishuka, mpaka ipate joto la nje, ukiitoa baridi vile lenzi yote inafanya ukungu na mzee atadhani imeharibika.

Kijana_Konde

Mie nipo siku nyingi huku, mkija Vumawimbi niandikieni ndani. Kusi upande ule asubuhi mawingu yanakuwa mengi na yanakwenda mbio, msikate tamaa mkiona jua limefichwa, linatoka vipande vipande na mchanga unapata mwanga sehemu moja tu, hizo ndo nzuri. Mwambieni mzee anisubirishe anavotaka. Kigoda nitaleta mimi.

BintiWete

Nimemwambia. Kaangalia kalenda, anasema Alhamisi maji yatakuwa yanatoka wakati jua linapanda, na ijumaa haendi popote. Basi Alhamisi inshallah, nakuandikia.